Nyama ya Chumvi Katika Mkate wa Rai: Chakula cha Wahamaji wa New York

Penye makutano ya barabara ya Houston na mtaa wa Ludlow, katika mji wa New York nchini Marekani, lipo duka la chakula liitwalo Katz's, ambalo asili yake ni mwaka 1888. Ndani ya duka hilo yametundikwa mabango yenye maneno ya tangu wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, yanayomhimiza mzazi ampelekee salami mwanawe aliye jeshini. Salami ni soseji nene ya nyama iliyotiwa chumvi, vitunguu saumu na viungo, kisha ikakaushwa. Kwa Kiingereza cha watu wa New York maneno hayo yana vina, na ndiyo maana yalishika upesi. Lakini hayakuzaliwa katika ofisi ya matangazo. Wenye duka walikuwa na vijana watatu vitani, na wazazi wao walikuwa na desturi ya kuwapelekea chakula cha nyumbani. Desturi ya jamaa ikawa wito wa duka.

Askari hana haja ya kuelezwa thamani ya kifurushi kitokacho nyumbani. Lakini kwa vijana wale palikuwa na sababu zaidi. Wayahudi wapatao 550,000 walitumikia katika majeshi ya Marekani katika vita vile, na wengi wao walikuwa wamelelewa katika nyumba ambazo nyama ya nguruwe haikupata kuvuka kizingiti. Jeshi, kama ilivyo kawaida ya majeshi, lilipika chungu kimoja kwa wote, na mara nyingi chungu hicho kilikuwa na nguruwe. Wako waliokula kwa shingo upande, na wako waliotosheka na mkate, viazi na mayai. Soseji ya ng'ombe isiyooza upesi, iliyochinjwa kwa sheria ya dini yao na kufungwa kwa mkono wa mama, ilikuwa ni posho iliyowakumbusha wao ni nani.

Hata hivyo, salami si fahari kuu ya maduka ya namna hiyo. Maduka hayo huitwa deli, ufupisho wa neno lililoletwa na Wajerumani lenye maana ya vyakula vya kupendeza, na fahari yake ni sandwichi ya pastrami: nyama ya ng'ombe iliyolala katika maji ya chumvi kwa siku nyingi, ikapakwa viungo, ikafukizwa moshi, ikaivishwa kwa mvuke, kisha ikakatwa vipande vyembamba na kurundikwa kati ya vipande viwili vya mkate wa rai vilivyopakwa haradali. Basi. Hakuna siagi, hakuna jibini, hakuna nyanya wala majani ya saladi. Msomaji anaweza kudhani kwamba jambo jepesi kama hilo halina historia. Kumbe historia yake ni safari ndefu ya miguu, ya farasi na ya meli.

Nyama ya chumvi na jeshi ni marafiki wa zamani. Ammianus Marcellinus, aliyekuwa askari wa Dola ya Rumi kabla ya kuwa mwandishi wa historia, aliandika katika karne ya nne kwamba wapanda farasi wa Kihuni walikuwa wakiweka nyama mbichi kati ya mapaja yao na mgongo wa farasi ili ipate joto, kisha wakaila hivyo hivyo. Kutokana na habari hiyo wako wanaosimulia kwamba pastrami ilizaliwa chini ya tandiko la farasi. Hadithi hiyo ni tamu, lakini jasho la farasi halihifadhi nyama. Chumvi ndiyo ihifadhiyo. Lililo la hakika zaidi ni neno lenyewe. Waturuki wana chakula chao kiitwacho pastirma, kutokana na neno lao lenye maana ya kugandamiza. Nyama ya ng'ombe hutiwa chumvi, hugandamizwa mpaka maji yatoke, huanikwa kwenye upepo, kisha hupakwa rojo nzito ya uwatu, vitunguu saumu na pilipili. Mji wa Kayseri umesifika kwa kazi hiyo tangu karne nyingi zilizopita.

Nchi za Wallachia na Moldavia, ambazo baadaye ziliungana kuwa Romania, zilikuwa chini ya himaya ya Waturuki kwa karne kadhaa, mpaka vita vya mwaka 1877 na 1878 vilipozipa uhuru kamili. Himaya iliondoka, mapishi yakabaki. Waromania waliita nyama hiyo pastrama, nao waliitengeneza hasa kwa kondoo na mbuzi. Wayahudi waliokaa kati yao waliitengeneza pia kwa bata bukini, kwa kuwa ndege huyo alikuwa mwenye mafuta mengi na rahisi kufugwa uani.

Wayahudi wa Romania hawakuhesabiwa kuwa raia. Walizuiwa kazi nyingi, na watoto wao walipata shida kuingia katika shule za serikali. Ilipofika mwaka 1899 mavuno yakaharibika, fedha ikaadimika, na vijana wengi wakaona kwamba hapana budi kuondoka. Hawakuwa na nauli ya gari moshi. Basi wakajipanga katika vikosi, wakaandika kanuni zao, wakachagua viongozi, wakaanza kutembea kwa miguu kuvuka nchi za Ulaya kuelekea bandari za kaskazini, kama vile Hamburg. Kwa lugha yao ya Kiyidi waliitwa wenda kwa miguu. Njiani waliimba na kuonyesha michezo ili wapate senti za chakula. Mtu aliyewahi kutembea na mzigo mgongoni kwa siku tatu mfululizo, tena akiwa na buti zuri na posho iliyopangwa, ataelewa maana ya kuvuka nusu ya bara kwa viatu vya kushonwa viraka.

Hao hawakuwa peke yao. Tangu Mfalme Aleksanda wa Pili wa Urusi alipouawa mwaka 1881, Wayahudi wa himaya ya Urusi walishambuliwa mara kwa mara, nyumba zao zikaporwa na watu wakauawa. Kati ya mwaka huo na mwaka 1924, Marekani ilipofunga milango yake kwa sheria kali ya uhamiaji, Wayahudi zaidi ya milioni mbili kutoka Ulaya ya Mashariki waliingia nchini humo. Wengi wao walishukia New York, wakajibana katika mitaa ya chini ya mashariki ya kisiwa cha Manhattan, jamaa nzima katika vyumba viwili au vitatu, mchana wakishona nguo kwa ujira mdogo. Aliyeshona saa kumi na mbili kwa siku hakuwa na nafasi ya kupika. Alihitaji chakula cha kununuliwa dirishani, cha kushiba, kisichohitaji sahani wala uma.

Hapo ndipo mkate ukakutana na nyama. Desturi ya kubana nyama katikati ya mkate ilikuwa imekwisha kupata jina kutokana na bwana mmoja wa Uingereza, John Montagu, aliyekuwa na cheo cha enzi cha mji wa Sandwich na ambaye mara tatu alikuwa mkuu wa idara ya jeshi la majini. Wengine husema alikula hivyo ili asiondoke mezani pa kamari, wengine husema ilikuwa ni mezani pa kazi. Mwandishi wa makala haya, kwa heshima ya jeshi la majini, huamini hao wa pili.

Nani basi alikuwa wa kwanza kuweka pastrami katika mkate? Jamaa ya mchinjaji Sussman Volk, mhamiaji kutoka Lithuania, husimulia kwamba yeye ndiye, mnamo mwaka 1887. Inasemekana rafiki yake Mromania alimwomba amtunzie sanduku lake alipokuwa akisafiri, na kwa malipo akampa siri ya kutengeneza pastrami. Watu walipenda nyama hiyo, akaanza kuwakatia vipande katika mkate, na hatimaye duka la nyama likawa mahali pa kula. Wapo wanaoikataa habari hiyo, na duka la Katz's lina madai yake. Katika kesi ya namna hii, ambayo mashahidi wote ni wajukuu wa watuhumiwa, polisi mwenye busara angefunga faili. Jina lenyewe nalo lilibadilika likiwa safarini: pastrama ikawa pastrami, na wengi hudhani kwamba mwisho wake ulibadilishwa ili ulingane na salami iliyotundikwa karibu yake.

Nyama pia ilibadilika. Huko Marekani bata bukini alikuwa ghali na ng'ombe alikuwa wa kumwaga. Lakini si kila sehemu ya ng'ombe ilifaa. Torati inawakataza Wayahudi kula mshipa wa paja, kwa ukumbusho wa Yakobo aliyeteguka nyonga alipopigana mweleka usiku kucha. Kuuondoa mshipa huo pamoja na mafuta yaliyokatazwa ni kazi ngumu ya mafundi, kwa hiyo wachinjaji wao wa Marekani kwa kawaida huiuza sehemu yote ya nyuma kwa watu wengine na kubaki na sehemu ya mbele. Sehemu ya mbele ina kidari, na chini ya mbavu kuelekea kitovu ina nyama yenye tabaka za mafuta. Ni nyama ngumu, ya misuli iliyofanya kazi, na kwa sababu hiyo ilikuwa rahisi. Mtu asiye na subira akiibanika atatafuna mpaka taya zimuume. Ustadi wote wa pastrami umetokana na haja ya kuilainisha nyama iliyodharauliwa.

Pamoja na urahisi wake, nyama hiyo haikuwa jambo la mzaha kwa watu maskini. Mwezi wa Mei mwaka 1902 bei ya nyama iliyochinjwa kwa sheria ya Kiyahudi ilipanda katika mitaa hiyo kutoka senti 12 hadi senti 18 kwa ratili moja, kwa sababu ya makampuni makubwa yaliyoshikana kutawala biashara ya ng'ombe. Kina mama wa nyumbani wakasimama. Walikwenda nyumba kwa nyumba, wakazuia watu kuingia katika maduka ya nyama, na palipo na mkaidi walimpokonya nyama yake wakaitupa barabarani na kuimwagia mafuta ya taa. Polisi waliitwa, virungu vikatumika, na watu wengi, wengi wao wanawake, wakakamatwa. Kina mama hawakurudi nyuma, na katika mwezi wa Juni bei ikashuka hadi senti 14. Polisi wa leo anayesomea namna ya kutuliza fujo angefaidika kuisoma habari hiyo, maana aliyeshika kirungu siku ile hakujua kwamba mbele yake hapakuwa na wahuni bali mama wa watoto sita aliyekosa senti sita.

Tuitazame sasa kazi yenyewe. Kwanza nyama huzamishwa katika maji ya chumvi yenye sukari kidogo, vitunguu saumu, mbegu za haradali, giligilani na pilipili manga. Ndani yake hutiwa pia chumvi maalumu. Zamani ilikuwa shura, ile ile iliyotumika kutengenezea baruti, na siku hizi ni naitriti kwa kipimo kidogo sana, kwa kuwa ikizidi ni sumu. Chumvi hiyo huzuia vijidudu vya hatari na huifanya nyama ibaki nyekundu hata baada ya kuiva. Nyama hukaa humo wiki mbili, tatu, hata nne. Kisha hutolewa, hupakwa giligilani na pilipili manga zilizotwangwa mpaka iwe na ganda jeusi, na hufukizwa kwa moshi wa moto wa polepole. Mwisho huwekwa katika mvuke kwa saa kadhaa, mpaka uma uingie bila kusukumwa. Katika safari hiyo yote nyama hupoteza sehemu kubwa ya uzito wake, na hapo ndipo panapojulikana kwa nini sandwichi moja haiwezi kuwa ya bei ndogo.

Ndugu yake pastrami ni nyama inayotiwa chumvi namna hiyo hiyo lakini haifukizwi moshi, bali huchemshwa tu. Waingereza waliiita kwa neno la zamani lenye maana ya punje, kwa sababu ya punje kubwa za chumvi iliyotumika. Askari wetu anaifahamu jamaa yake ya mbali: ile nyama ya kopo iliyolisha majeshi ya Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, nyingi yake ikitoka mji wa Fray Bentos huko Uruguay, na ambayo baadaye ilisindikwa pia katika Afrika ya Mashariki, kwa mfano Athi River nchini Kenya na katika kiwanda cha Tanganyika Packers mjini Dar es Salaam. Lakini ya kopo ni nyama iliyokatwakatwa na kushindiliwa. Ya deli ni kidari kizima, na kisu ndicho kinachokitenganisha.

Juu ya kisu, mafundi wa kazi hii hawana mzaha. Katika maduka yanayojiheshimu nyama hukatwa kwa mkono ikiwa bado inatoa mvuke, tena hukatwa kwa kukingama na nyuzi zake, kwa maana ikikatwa kwa kufuata nyuzi inarudia ugumu wake wa zamani na kazi yote ya mwezi mzima imepotea. Mashine hukata upesi na kwa unene sawa, lakini haioni nyuzi zimegeuka wapi. Mkate nao una sababu yake. Rai ni nafaka iliyo jamaa ya ngano na shayiri, inayostahimili baridi na ardhi dhaifu, na kwa hiyo ilikuwa chakula cha watu wa kawaida katika Ulaya ya Mashariki. Mkate wake ni mzito kidogo, una uchachu, na mara nyingi hutiwa mbegu za kisibiti. Uchachu huo, ukali wa haradali na tango lililochachushwa kando ya sahani huyakata mafuta ya nyama. Mwenye kuagiza mkate mweupe na siagi huangaliwa na wahudumu kwa huruma.

Jibini, kwa sheria ya dini, haipo. Torati inakataza mwana-mbuzi kupikwa katika maziwa ya mama yake, na walimu wa Kiyahudi walitanua amri hiyo hadi kutenga kabisa nyama na maziwa. La ajabu ni kwamba sandwichi nyingine mashuhuri ya maduka haya, iitwayo Reuben, inavunja amri hiyo waziwazi: ina nyama ya chumvi, jibini ya Uswisi, kabeji iliyochachushwa na mchuzi mzito, yote yakakaangwa katika mkate wa rai. Watu wa mji wa Omaha husema iliagizwa na muuzaji wa vyakula Reuben Kulakofsky akicheza karata katika hoteli ya Blackstone katika miaka ya 1920. Watu wa New York humtaja Arnold Reuben, mwenye mkahawa. Mwaka 1956 mhudumu mmoja wa Omaha aliishindania katika mashindano ya sandwichi ya nchi nzima akashinda, na tangu hapo jina likaenea. Ni tamu, hatukatai, lakini ni mtoto aliyekwisha hama nyumbani.

Katika miaka ya 1930 New York inakadiriwa kuwa ilikuwa na deli za Kiyahudi zipatazo 1,500. Leo zimebaki chache sana. Watoto wa wahamaji walisoma, wakapata kazi nzuri, wakahamia vitongoji vya mbali. Nyama iliyofungwa katika plastiki ikajaa katika maduka makubwa. Kodi za majengo zikapanda. Na kule Ulaya ya Mashariki, ambako wapishi wapya wangetoka, Wanazi waliangamiza watu wenyewe. Duka la Carnegie, lililofunguliwa mwaka 1937 na kusifika kwa sandwichi zenye kimo cha kutisha, lilifungwa siku ya mwisho ya mwaka 2016.

Mfano wa uchungu zaidi ni wa Abe Lebewohl. Alizaliwa karibu na mji wa Lwow, akapitishwa utoto wake katika uhamisho huko Kazakhstan na katika kambi ya wakimbizi nchini Italia, akafika Marekani mwaka 1950. Mwaka 1954 alifungua mkahawa mdogo katika barabara ya Second Avenue, akaukuza mpaka ukawa mashuhuri, naye akajulikana kwa kuwalisha wasio na makazi bila kuwadai. Asubuhi ya tarehe 4 Machi 1996, alipokuwa akipeleka fedha za mauzo benki, wanyang'anyi walimpiga risasi akafa. Wapelelezi walifanya kazi kwa miaka mingi na zawadi ikatangazwa, lakini hakuna aliyehukumiwa. Bustani ndogo ya karibu ikapewa jina lake. Mwaka 2006 duka lilifungwa kwa ugomvi wa kodi ya jengo, na mwaka uliofuata mtoto wa ndugu yake akalifungua upya katika mtaa wa 33.

Maofisa wa majeshi na polisi wa nchi zetu huenda New York mara kwa mara kwa shughuli za Umoja wa Mataifa, na makao makuu ya Umoja huo hayako mbali na mtaa huo wa 33. Duka hilo la Lebewohl lina idhini ya viongozi wa dini ya Kiyahudi na halichanganyi nyama na maziwa. Katz's halina idhini hiyo, na jibini huuzwa humo. Ofisa Mwislamu atalipima jambo hilo mwenyewe. Atakayeingia Katz's atapewa tikiti mlangoni, na kila anachoagiza huandikwa katika tikiti hiyo mpaka wakati wa kulipa. Ailinde kama anavyolinda kitambulisho chake, kwani anayeipoteza hutozwa dola 50. Asogee mbele ya mkataji, aseme anataka pastrami katika mkate wa rai, na asikimbilie kuondoka: mkataji humwekea kwanza kipande kidogo katika kisahani ili aonje. Sandwichi moja hugharimu zaidi ya dola 20 na huwatosha watu wawili, hata kama wote wawili wametoka kwenye gwaride.